Karakana ya watu saba Moshi: je, na mimi ni mwekezaji?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa miaka 31, fundi viatu, naishi Pasua hapa Moshi. Nina karakana ya kupanga, tunashona viatu vya ngozi, makubazi na mikanda. Mafundi wapo sita, mimi wa saba. Nimejiwekea akiba ya shilingi milioni 18 na lengo langu ni kufika watu kumi na tano. Kwenye mkutano wa hadhara diwani wetu alisema serikali inahamasisha uwekezaji na ajira kila mkoa, kwamba kuna misamaha ya kodi, maeneo ya bure na mikopo isiyo na riba. Nikaenda ofisi moja nikaambiwa mtaji wangu ni mdogo. Nikaenda nyingine nikaambiwa niunde kikundi. Baba mdogo ananipa kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, kule Kibosho nijenge. Rafiki zangu wanasema nihamie Arusha, kuna watalii na uwanja wa AFCON. Je, hizi juhudi za serikali zinanihusu mimi, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Zinakuhusu, ila si hizo tatu alizozitaja diwani. Misamaha na maeneo ya bure yametengenezwa kwa mtu mkubwa kuliko wewe. Mkopo usio na riba umetengenezwa kwa mtu mdogo kuliko wewe, au tuseme kwa watu ambao hawajawa na karakana bado. Wewe uko katikati, na mtu wa katikati hatangazwi jukwaani. Yaliyo yako ni mambo manne matano ambayo hayapigiwi makofi: mstari wa watu kumi kwenye tozo ya mafunzo ya ufundi, kiwango cha mauzo kwenye kodi ya makadirio, barua ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo), na asilimia 30 ya manunuzi ya serikali. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na nitalitumia muda mrefu zaidi.

Kwanza niondoe la misamaha, kwa sababu naona limekupotezea siku. Ofisi iliyokuambia mtaji ni mdogo haikukudharau, ilikusomea sheria. Mpaka katikati ya 2025 tulikuwa na Kituo cha Uwekezaji, TIC, kilichoanza kwa sheria ya 1997, na pembeni yake EPZA, iliyosimamia maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje. Sheria ya 2025 ikaviunganisha, na tangu Julai mwaka huo kuna chombo kimoja, TISEZA, Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalum ya Kiuchumi. Cheti cha mwekezaji kwa Mtanzania kinaanzia mtaji wa dola 50,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 120. Mgeni anaanzia dola 500,000. Anayepata cheti hupata nafuu ya ushuru kwenye mitambo anayoingiza, msaada wa vibali mahali pamoja, na nafasi za kuleta wataalamu kutoka nje. Sasa jiulize: unaagiza mitambo ya kontena zima? Unataka kumleta mtaalamu kutoka Italia? Wewe unataka cherehani mbili za kushonea ngozi na kalibu za saizi zote. Hata kama cheti kingetolewa bure, kingekaa ukutani tu.

Na yale maeneo ya bure yapo kweli. Mwaka 2025 serikali ilitangaza ardhi kwa wawekezaji kwenye maeneo maalum kama Nala kule Dodoma, Kwala na Bagamoyo mkoani Pwani, na Buzwagi kule Kahama, ambako palikuwa na mgodi wa dhahabu. Masharti yake yanasomeka kwa mamilioni ya dola. Utaona pia kwamba Kilimanjaro na Arusha hazimo kwenye majina hayo. Kuna sababu isiyo ya siasa: ukitoa eneo la kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini na mashamba machache ya ukanda wa chini, Kilimanjaro haina ardhi kubwa iliyo tupu ya kumkabidhi mtu. Mlimani kila hatua ina mwenyewe na mgomba wake. Kwa hiyo mkoa wenu hautavuta uwekezaji kwa kugawa ardhi. Utauvuta kwa watu wenye ujuzi na soko lililo karibu, jambo ambalo kwa fundi viatu ni habari njema.

Sisemi kwamba kiwanda kikubwa hakina faida. Nenda Kisongo, nje kidogo ya Arusha, uone saa ya kubadilishana zamu pale A to Z, wanapotengeneza vyandarua na nguo. Maelfu ya watu wanakula kupitia geti moja. Hakuna karakana mia zitakazofanya hivyo kwa mwaka mmoja. Ninachosema ni kwamba njia ya kufika pale si hii uliyoshika, wala si lazima iwe.

Kaskazini hatujaanza jana na habari hii ya viwanda kila mkoa. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, ulichagua miji tisa ya kukuzwa ili viwanda visirundikane Dar es Salaam: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Mtwara. Moshi na Arusha zote mbili zilikuwemo. Ndiyo enzi iliyotuletea General Tyre na Kiltex kule Arusha, na baadaye kiwanda cha vipuri na mashine, Kilimanjaro Machine Tools, wilayani Hai. Wazee wako watakuambia jinsi king'ora cha kiwanda kilivyokuwa saa ya mji. Kisha biashara ikafunguliwa, bidhaa za nje zikaingia, mitambo ikachakaa, fedha ya kununulia malighafi ikakauka, ubinafsishaji ukaja. General Tyre iliacha kutoa matairi mwishoni mwa miaka ya 2000 na kila awamu tangu hapo imezungumzia kuifufua. Kumbe kujenga kiwanda mahali fulani kwa uamuzi wa serikali kunawezekana kabisa. Kinachoshindikana ni kukilinda siku mteja wake anapopata mbadala wa bei rahisi.

Kuna na ile kampeni ya Desemba 2017, "Mkoa Wetu, Viwanda Vyetu". Kila mkuu wa mkoa alitakiwa apate viwanda 100. Vilipatikana haraka kuliko ilivyotarajiwa, na siri yake iko kwenye sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya 2003. Sera hiyo inasema mwenye mtu mmoja hadi wanne ana kiwanda kidogo sana, na mwenye watano hadi 49, kwa mtaji wa zaidi ya shilingi milioni 5 hadi milioni 200, ana kiwanda kidogo. Mashine ya kusaga mahindi ikahesabiwa. Fundi seremala akahesabiwa. Karakana kama yako ni kiwanda kidogo kamili kwa mujibu wa sera, na zilizokuwepo wakati huo ziliingia kwenye hesabu ya mkoa. Sikuelezi haya ili ucheke. Nakueleza kwa sababu ukienda ofisi ya biashara ya manispaa ukasema "mimi ni fundi viatu", unaelekezwa kwenye dawati la wamachinga. Ukisema "nina kiwanda kidogo cha bidhaa za ngozi, kimeajiri watu sita", unaelekezwa kwa afisa biashara na SIDO. Ni ukweli uleule, na sera iko upande wako.

Mkopo wa halmashauri nao nitausema kwa ufupi. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu marejesho yalikuwa mabaya na vikundi hewa vilikuwa vingi, ukarudi 2024 kwa utaratibu uliokazwa zaidi. Kwa wanawake na vijana ni lazima kiwe kikundi. Hapo ndipo penye mtego kwako. Karakana ni yako, akiba ni yako, wateja wanakujua wewe. Ukiwaandikisha mafundi wako kama wanakikundi ili fedha itoke, kisheria umewafanya wabia wa kile kitakachonunuliwa. Siku mmoja akiondoka na kudai cherehani yake, utakuwa na kesi kwa mtendaji wa kata. Na ukiandikisha wadogo zako wa nyumbani ambao hata gundi hawajawahi kuishika, hicho ni kikundi hewa hasa, na siku hizi wanakuja kukagua. Ushauri wangu: mkopo huu usiuchukue kwa ajili ya karakana yako. Kikundi, lakini, usikitupe. Nitakirudia.

Sasa tuingie kwenye watu kumi na tano.

Kumwajiri mtu rasmi kuna gharama juu ya mshahara, na vijana wengi hawaipigi hesabu mpaka mkaguzi abishe hodi. Tuseme unalipa kila fundi 250,000 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho hakuna kodi ya mshahara, kwa kuwa inaanza juu ya 270,000. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20, nusu unaweza kumkata mfanyakazi na nusu unatoa wewe. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5 na ni wa kwako wote. Halafu kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile watu wanaiita SDL. Hii ilikuwa asilimia 6, ikashuka kidogo kidogo hadi 3.5 mwaka 2023. Jambo kubwa zaidi lilitokea 2021: mwanzo ilimgusa mwajiri mwenye watu wanne, ikasogezwa hadi kumi.

Weka kwenye karatasi. Ukiwa na waajiriwa tisa, mishahara ni 2,250,000. Unatoa NSSF 225,000 na WCF 11,250. Jumla 236,250 kwa mwezi. Ukiwa na kumi na tano, mishahara ni 3,750,000. NSSF 375,000, WCF 18,750, na sasa SDL 131,250. Jumla 525,000. Yaani watu wameongezeka kwa theluthi mbili, na gharama juu ya mshahara imezidi mara mbili. Huo mstari wa watu kumi ni moja ya juhudi za kweli za serikali kwa ajira za watu kama wewe, na sijawahi kumsikia diwani yeyote akiutaja. Utumie. Fika watu tisa kwanza, ukae hapo mpaka oda zijae kiasi kwamba mtu wa kumi anakuja na watu wengine wanne kwa mpigo. Kumwajiri wa kumi peke yake ndiyo hatua ghali kuliko zote.

Kodi ya mapato nayo ina mstari wake. Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kwa makadirio kulingana na mauzo, bila kulazimika kupeleka hesabu zilizokaguliwa. Kampuni haimo. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, na mahesabu yake yanatakiwa yapitiwe na mhasibu aliyesajiliwa, naye anataka kulipwa hata mwaka ambao hukupata kitu. Watu watakuambia "sajili kampuni uonekane mwekezaji". Kwa ukubwa wako wa sasa, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi (TIN) na leseni ya manispaa vinatosha. Fundi mmoja akitoa jozi moja kwa siku, siku 25, mafundi sita ni jozi 150. Kwa bei ya 40,000 ni milioni 6 kwa mwezi, milioni 72 kwa mwaka. Uko ndani. Mkiwa kumi na tano kwa kasi ileile ni milioni 180: umevuka makadirio, na mstari wa VAT, ambao ni milioni 200, unauona kwa macho. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Lakini usivuke mistari yote mitatu ndani ya mwaka mmoja, utaishia kufanya kazi ya makaratasi badala ya viatu.

SIDO wapo tangu 1973 na Moshi wana ofisi ya mkoa. Wengi wanakwenda pale kwa ajili ya mkopo wa mfuko wa NEDF. Mkopo huo unamfikia mtu mmoja mmoja bila kikundi, kwa hiyo unakufaa kuliko ule wa halmashauri, ingawa huu una riba. Ila mimi ningekwenda kwanza kwa ajili ya mambo mawili mengine. La kwanza ni barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango. Mjasiriamali mdogo anayepita SIDO hupata nafuu kubwa ya gharama za alama ya ubora anapoanza, na bila alama hiyo ni vigumu ofisi ya umma kununua viatu vyako. La pili ni nafasi kwenye majengo yao. Hupatikana kwa foleni, ndiyo, lakini uandikishwe. Eneo la viwanda lina umeme wa njia tatu, hakuna jirani wa kukushtaki kwa kelele, na Zimamoto hawatashangaa kuona madebe ya gundi. Kwenye nyumba za kupanga za Pasua gundi ile ni hatari. Kama unapika chai chumba kimoja na unapobandika soli, acha leo.

Na mafundi wako. Nina hakika wawili watatu walijifunzia kazini na hawana karatasi yoyote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi anapimwa, anafundishwa pale palipopelea, anapewa cheti. Cheti hicho hakimwongezei mkono spidi, ila kwenye zabuni unaulizwa sifa za watu wako, na "ana miaka kumi anashona" haina mahali pa kujazwa kwenye fomu.

Sasa soko, ambako ndiko nilikuwa nataka kufika tangu mwanzo.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalum: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Fikiria Moshi peke yake ina taasisi ngapi za umma: manispaa, halmashauri ya wilaya, shule za sekondari, hospitali, vyuo, mamlaka ya maji, jeshi la polisi. Zote zinanunua. Baadhi zinanunua viatu vya walinzi na vya wahudumu, mikanda, mikoba ya kubebea vifaa, mifuko ya zana. Zabuni zote zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, na ili kikundi kishindanie fungu hilo ni lazima kiwe kimesajiliwa, kina taasisi inayokilea, kama vile halmashauri, na kimeingizwa kwenye mfumo. Ndiyo maana nilikuambia usikitupe kikundi. Kikundi cha mafundi ngozi wa Moshi, vijana, kila mmoja na karakana yake, wanaogawana oda kubwa, ni kitu tofauti kabisa na kikundi cha kuchukulia mkopo. Hapo hamgawani mali, mnagawana kazi. Ukikosana na mwenzako, kila mtu anarudi na cherehani yake.

Tahadhari moja tu: serikali hulipa, lakini kwa wakati wake. Ukipata oda ya milioni 6 na fedha yako yote ikaingia kwenye ngozi na soli za oda hiyo, unaweza kukaa mwezi wa pili na wa tatu huna hata ya kununulia uzi. Chukua oda ya serikali isiyozidi theluthi moja ya kazi yako mwanzoni. Na uwe na mashine ya risiti za kielektroniki, EFD, maana hakuna mhasibu wa taasisi atakayepokea karatasi ya kuandikwa kwa mkono.

Najua utauliza habari ya Karanga. Serikali imejenga pale kiwanda kikubwa cha viatu, ubia wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na Magereza, kilometa chache kutoka kwako. Buti za majeshi usizifikirie, hizo ni zao. Lakini kiwanda cha mitambo mikubwa kinataka oda za maelfu ya jozi za aina moja. Hakitatengeneza jozi 40 za rangi ya lodji fulani ya Marangu, wala kiatu cha mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Hakitabadilisha soli za buti za wapagazi wanaoshuka Kilimanjaro kila wiki msimu mzima wa Juni hadi Oktoba zikiwa zimeachia. Hiyo kazi ya wapagazi mbona hakuna aliyeishika vizuri? Wapo wengi mjini, buti zao za mtumba ni ghali kununua upya, na kampuni zinazowaajiri zina maslahi wasiteleze.

Mpinzani wako halisi yuko Memorial, soko la mitumba hapo Moshi. Kiatu cha mtumba, ngozi halisi ya Ulaya, kwa bei ambayo wewe hununulii hata malighafi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua; Marekani ikatishia kuondoa upendeleo wa kibiashara wa AGOA, na Tanzania na Uganda zikalegeza kamba. Rwanda ilishikilia msimamo na ikaadhibiwa 2018. Kwa hiyo usijenge mpango wako juu ya dhana kwamba mitumba itafungiwa. Kaa pale ambapo mtumba haufiki: saizi zilizo sare kwa wingi (shule), bidhaa yenye jina la mteja (lodji), matengenezo, na oda za Desemba. Wewe ni mtu wa Moshi, sina haja ya kukueleza Desemba. Mji unajaa watu wanaotoka Dar, Mwanza na kwingineko, wana fedha mfukoni na wanataka kuonekana kanisani na kiatu kipya. Januari shule zinafunguliwa. Miezi hiyo miwili karakana iliyojipanga tangu Septemba inapata zaidi ya robo mwaka nzima ya kawaida.

Agosti, kabla ya msimu huo, ndipo akiba yako ifanye kazi. Milioni 18 nisingeizika kwenye ukuta. Ningenunua cherehani moja nzuri na kalibu kamili, ningeacha kiasi cha miezi mitatu ya mishahara kisichoguswa, na fedha iliyobaki yote ingekuwa ngozi. Serikali imeweka ushuru mkubwa kwa ngozi ghafi inayouzwa nje ya nchi ili isindikwe hapa, na viwanda vya kusindika viko karibu nanyi, Himo na Arusha. Mwenye fedha taslimu anachagua ngozi. Mwenye kukopa anapelekewa.

Kuhusu kihamba, mshukuru sana baba mdogo, kisha usijenge. Si kwa sababu Kibosho ni mbali. Kihamba ni ardhi ya ukoo, mipaka yake ni mimea ya masale na kumbukumbu za wazee, na neno la baba mdogo leo si neno la watoto wake kesho. Benki haitakikubali kama dhamana kikiwa hivyo. Ukitaka kukipokea, kiitishwe kikao cha ukoo, kiandikwe, kifike serikali ya kijiji, mtafute hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Hilo lifanyike kwa utulivu, kwa ajili ya uzee wako. Karakana inahitaji mjini, kwenye wateja na umeme.

Na Arusha? Angalia sensa mbili. Mwaka 2012 mikoa hii ilikuwa karibu sawa: Arusha watu 1,694,310, Kilimanjaro 1,640,087. Mwaka 2022 Arusha ilikuwa 2,356,255 na Kilimanjaro 1,861,934. Vijana wenzako walishapiga kura kwa miguu, na sababu zao nazielewa: utalii, taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, madini, ujenzi. Uwanja wa AFCON 2027 pale Olmoti umeajiri mafundi wengi wa ujenzi. Lakini mashindano ni wiki chache, na kodi ya pango la karakana Arusha utailipa miezi kumi na miwili. Huko mafundi ngozi wa vitu vya watalii wamejaa tele, na maduka ya zawadi yanachukua mali kwa mali kauli. Mwaka 2025 serikali ilitoa amri ya kuzuia wageni kufanya biashara 15, zikiwemo maduka ya vitu vya kumbukumbu, uongozaji watalii na viwanda vidogo. Kwa hiyo mlango wa duka sasa una Mtanzania, ila bado atataka kukulipa baada ya kuuza. Baki Moshi, peleka sampuli Arusha mara moja kwa mwezi, uza kwa fedha taslimu au malipo ya awali ya nusu. Ni mwendo wa saa mbili kwa basi.

La mwisho ni diwani wako. Usimlaumu, amesema alichotumwa kusema. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kwenda kusikiliza. Kabla ya kikao kijacho mfuate, umwombe aulize ndani kwa niaba yako: mwaka huu wa fedha manispaa imetenga zabuni zipi kwa makundi maalum, za thamani gani, na vikundi vingapi vya vijana wa Moshi vimesajiliwa kwenye NeST hadi leo. Akikuletea jibu la swali la tatu, utajua mnashindana na wangapi. Nadhani mtakuwa wachache.